Nilivyompeleka Mama wa Shaba Loliondo

Ninyi wenzangu wa joshoni mmeniuliza mara nyingi safari ya Loliondo ilikuwaje, na kila mara nimewajibu "ilikuwa ndefu" kisha nikageukia ng'ombe. Basi naandika. Mkono wangu ni wa kisomo cha watu wazima, nilishika kalamu nikiwa na mvi tayari, kwa hiyo mkiona mstari umepanda mlima mjue ni mimi. Habari za vibali na mihuri naziruka, zilinichosha hata wakati ule. Nitasema njia, chakula, watu, na kitu kimoja nilichokifanya ambacho hamkijui. Hamisi dereva anakijua, lakini Hamisi ni mtu wa Kondoa, hana wa kumsimulia huku.

Kabla ya kuondoka

Daktari Ratna mnamkumbuka. Ninyi mlimwita Mhindi, na yeye alikwisha kuchoka kuwasahihisha. Alikuwa Mnepali, mtu wa nchi ya milima ambayo theluji yake haiyeyuki, akaja kwetu kuchanja ng'ombe dhidi ya sotoka. Walimpa ile nyumba ya bati jirani na josho ninalolilinda hapa Endamarariek. Mwaka mmoja na nusu tulikula naye meza moja. Mimi mke wangu nilikuwa nimemzika, watoto wako Babati na Singida, kuandika hawaandiki. Yeye kwao ni mbali hata mtu hajui aelekeze kidole wapi. Watu wawili wa namna hiyo hawana maneno mengi. Jioni yeye anachemsha sindano zake, mimi napukuchua mahindi, redio inaongea peke yake.

Kwenye rafu chumbani kwake alikaa mwanamke wa shaba, kimo chake kama kibuyu cha maziwa cha kati. Ana taji, ana kiuno chembamba, mwili umepakwa dhahabu. Mimi siku ya kwanza nilidhani ni picha ya mke wake. Daktari alicheka hadi akakaa chini. Akanieleza kwamba jina lake ni Tara, kwao ni neno la nyota, na wao wanaomfuata Buddha humwomba huyu mtu akiwa na hofu.

"Tazama miguu, Mzee Tluway," akasema. "Mmoja ameukunja, huo ni wa kutulia. Wa pili ameushusha, huo ni wa kuinuka. Ukimwita una shida, hatafuti viatu."

Mkono wa kulia umefunguka juu ya goti, huo ni wa kutoa. Wa kushoto umeshika ua. Nikamwambia kwamba sisi Wairaqw, kabla ya misheni, Mungu wetu naye alikuwa mama, Looa, na wazee bado wanamtaja jua likichomoza. Daktari alifurahi sana, akaniuliza kama Looa naye ana sanamu. Nikasema hapana, yeye hakai ndani.

Aliyemtengeneza ni baba yake Daktari. Ni kazi ya ukoo. Kwanza wanamfinyanga kwa nta ya nyuki, kila kidole, kila shanga ya shingoni. Halafu wanamfunika kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, wanamweka motoni, nta inayeyuka inatoka kwa tundu, na pale nta ilipokuwa wanamimina shaba. Udongo unavunjwa. Kwa hiyo kila mmoja ana udongo wake, na hakuna wa pili anayefanana naye. Ndani ni mtupu, wanajaza karatasi za sala zilizokunjwa na nafaka kidogo, kisha chini wanaziba kwa bati la shaba. Akishazibwa hafunguliwi. Ukifungua, alisema Daktari, unabaki na shaba tu. Uso wanaumalizia mwishoni, dhahabu ya unga imechanganywa na gundi, inapakwa kwa brashi, na macho ndiyo ya mwisho kabisa. Mpaka macho yapakwe, yule bado hajakuona.

Daktari alipohamishiwa Loliondo, lori lilijaa masanduku ya chanjo na barabara mnaijua. Akaniachia. "Miezi miwili nitarudi," akasema. Akanipa masharti: asikae sakafuni, asioshwe kwa maji, vumbi lipanguswe kwa manyoya ya kuku, taratibu, asubuhi nijaze maji vile vibakuli saba vidogo mbele yake na jioni niyamwage kwenye mmea. Na uso usiguswe kabisa.

Miezi miwili ikawa kumi na moja. Katekista alikuja akaniambia nitupe sanamu ile. Nikamwambia huyu si mungu wangu, huyu ni mgeni, na mgeni hatupwi. Katekista alikunywa chai yangu na hakulirudia neno lile. Lakini niseme ukweli, baada ya muda nilikuwa namsalimia. Unaingia ndani ya nyumba ambayo hakuna mtu, kuna uso pale kwenye rafu unakutazama. Nilikuwa namwambia ng'ombe wangapi wameogeshwa, nani amekuja na ng'ombe mwenye kupe hadi masikioni. Mtu akikaa peke yake ataongea na chochote, na yeye alikuwa bora kuliko redio, alikuwa hakatizi.

Jumatatu moja Hamisi akaja na lori la mifugo na barua. Fahali alikuwa amemvunja Daktari mguu. Jumamosi ingekuja ndege ndogo ya wagonjwa kumchukua, apelekwe hospitali, na kutoka huko angerudi kwao moja kwa moja. Karatu asingepita tena. Chini aliandika, "Niletee Mama. Baba yangu amekufa mwezi uliopita. Huyu ndiye kazi yake ya mwisho."

Kutoka Endamarariek hadi Karatu

Hapa ndipo nilipokosea, kabla hata gurudumu halijazunguka.

Ninyi mnajua kwetu binti akitoka nyumbani kwenda ugenini hatoki mkavu. Anapakwa siagi, anang'aa, ili huko aendako wajue ametoka kwenye nyumba yenye watu wanaompenda. Sasa huyu alikuwa anatoka kwangu, harudi. Nimtoe na vumbi la rafu? Mafuta ya dukani mwaka ule yalikuwa hadithi. Nikaenda kwa jirani nikaomba siagi, ile ya kutikiswa kwenye kibuyu, nikampaka. Mabega, mikono, mguu ule ulioshuka. Nilipofika usoni nikasimama. Usiguswe, alisema. Nikajiambia kwamba yeye alikuwa na hofu ya maji, siagi si maji. Na unampakaje binti mwili mzima halafu uso unauacha umepauka? Nikampaka na uso, kwa kidole kimoja, polepole. Aling'aa, jamani! Mimi mwenyewe nilikaa kitandani nikamtazama.

Nikamfunga kwenye blanketi langu la mistari, nikampakata. Hamisi akasema nimweke nyuma na magunia ya chumvi ya ng'ombe. Nikasema huyu hakai chini.

"Atakaa wapi?"

"Mapajani kwangu."

"Hadi Loliondo?"

"Hadi Loliondo."

Karatu tulikaa Jumanne nzima kusubiri dizeli. Nilikunywa chai isiyo na sukari kwenye hoteli ya mama mmoja aliyetoka Moshi, na kiazi cha kuchemsha. Aliniuliza kama nimebeba mtungi. Nikasema ndiyo. Nilikuwa bado sijachoka kusema uongo mdogo. Mji umejaa watu na kila mmoja ana anapokwenda. Nilikaa pale hadi viti vikaanza kupandishwa juu ya meza.

Getini

Jumatano asubuhi tulifika geti la kuingilia Ngorongoro, ukungu umelala hadi magotini. Siku zile majangili walikuwa wanapitisha pembe za faru, kwa hiyo kila mzigo ulifunguliwa. Askari alikuwa kijana mnene wa Rombo, jina lake Aloisi.

"Mzee, hicho ulichokumbatia ni nini?"

"Ni mgeni wa Daktari."

"Mgeni amekufa au amelala?"

"Hajawahi kuamka."

Akadhani namfanyia mzaha. Akafungua blanketi. Vumbi la barabara lilikuwa limepenya, limeshikana na siagi, na yule Mama alikuwa na rangi ya mkate wa kuungua. Aloisi akatoa leso yake mfukoni na kabla sijasema kitu akamfuta uso, mara moja, kwa nguvu, kama mtu anavyofuta kioo cha gari.

Leso ikatoka na dhahabu.

"Dhahabu!" akapiga kelele. "Mzee unavusha dhahabu!"

Mimi sikumsikia vizuri. Nilikuwa namtazama yule Mama. Siagi ilikuwa imelainisha ile gundi, na leso ilikuwa imebeba kila kitu: ngozi ya dhahabu, midomo, macho. Palibaki shaba yenye vinundu viwili mahali pa macho.

Aloisi akamtikisa, karatasi zikasikika ndani. Akataka bisibisi afungue chini. Hapo nilimnyang'anya, nikaweka viganja vyangu viwili chini yake nikakaa hivyo. Nikamwambia, "Ukifungua hapa amekwisha. Ni sala, karatasi tu. Nifunge mimi, yeye usimfungue."

"Tutamsubiri mkubwa," akasema.

Tulimsubiri mkubwa kutoka saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Nilikaa kwenye benchi, Mama mapajani, viganja chini, kama kuku aliyeatamia. Magari ya watalii yalipita, wakanipiga picha. Hamisi aliniletea mahindi ya kuchoma, nikala kwa kuinamisha kichwa, maana mikono ilikuwa na kazi. Aloisi naye hakuondoka. Alikuwa anakuja, anamtazama usoni, anaondoka, anarudi. Mara moja aliniuliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa na macho?"

"Alikuwa nayo."

Akaikunja leso yake, akaitia mfukoni.

Mkubwa alipokuja aligonga shaba kwa ukucha, akanusa, akacheka. "Aloisi, wewe umeona wapi pembe ya faru imevaa taji? Wape njia." Ikaisha hivyo. Siku nzima.

Juu ya kreta na kushuka Malanja

Kreta sikuiona. Watu wanatoka Ulaya kuiona, mimi nimepita mara mbili na mara zote ilikuwa imefunikwa ukungu kama chungu kilichofunikwa. Baridi iliingia kwa sakafu ya lori. Tulilala huko juu kwenye kibanda cha wafanyakazi wa barabara, tukala ugali na maharage yasiyo na chumvi, chumvi tuliyobeba ikiwa ya ng'ombe.

Alhamisi, tukishuka kwenye bonde la Malanja, Hamisi aliona sisemi kitu.

"Unaumwa?"

"Nitamwambia nini Daktari?"

"Mwambie ukweli. Askari alimfuta."

"Siagi nilipaka mimi."

"Daktari atauliza siagi? Atauliza macho yameenda wapi. Macho yamebaki kwenye leso ya Aloisi. Huo ni uongo?"

Nikalikaza blanketi la yule Mama. Lakini lile neno nililichukua. Njia yote ya Oldupai, vumbi jeupe limejaa hadi kwenye kope, nilikuwa nalifanyia mazoezi kimoyomoyo. Ni askari, Daktari. Ni askari wa getini. Lilikuwa linatoka vizuri kila mara.

Piyaya

Karibu na Piyaya springi ya lori ilikatika. Hamisi akaingia chini na nyundo na kamba za ngozi, akasema kesho. Kulikuwa na boma la Wamaasai karibu, tukaenda. Walitupokea, ingawa mmoja wa wazee aliuliza kama mimi Mmbulu, ndivyo wanavyotuita Wairaqw, nimekuja kurudisha ng'ombe wa babu yake. Nikasema ng'ombe wa babu yake walikufa kwa kukosa josho. Walicheka, nikapewa kigoda.

Sasa mjue, mimi sikumweka chini yule Mama hata pale. Nilikaa naye mapajani, nimemfunika kwa sababu ya vumbi. Wanawake walikuwa wananitazama, wananong'ona. Jioni wakaniletea maziwa kwenye vibuyu viwili: kibuyu changu, na kakibuyu kadogo kama ka kunyonyeshea mtoto. Nikanywa vyote viwili. Maziwa yao yana harufu ya moshi wa mti wanaofukizia kibuyu, mazuri sana. Nilipomaliza kale kadogo wakanitazama kama nimefanya dhambi.

Asubuhi, Ijumaa, akaja bibi mmoja mzee, wote wanamwita Koko, yaani bibi. Kiswahili alijifunza kwenye mnada wa Loliondo akiuza mbuzi. Akasimama mbele yangu.

"Baba, mtoto wako halii."

"Mtoto gani?"

"Tangu jana halii. Maziwa yake ukanywa wewe. Kama amekufa, sema. Hatutakufukuza. Lakini mtoto aliyekufa habebwi siku mbili."

Hapo ndipo nilipoelewa. Wote walikuwa wamedhani kuna mzee wa Kimbulu amechanganyikiwa, anatembea na maiti ya mtoto na hataki kumweka chini. Nikafungua blanketi. Wanawake wakarudi nyuma, kisha wakaja mbele, wakajaa. Koko akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe mwanamke mzima." Akamshika mguu ule ulioshuka, kwa vidole viwili. "Huyu anataka kuinuka. Nani amemwita?"

"Mwenyewe, yuko Loliondo. Mgonjwa."

"Na macho?"

"Yamefutika njiani."

Akanusa vidole vyake. "Siagi. Nani alimpaka?"

"Mimi, Koko."

"Vizuri," akasema. "Mwanamke kutoka nyumbani mkavu ni aibu." Akawaambia wale wengine kwa Kimaasai, nao wakaitikia, wakanitazama kwa wema. Mmoja akaniongezea maziwa, sasa ya kwangu halali.

Nataka mkumbuke hapo. Kwa Koko nilisema kirahisi kabisa, "mimi." Halikunikwama.

Loliondo

Springi ilifungwa, Jumamosi alfajiri tukaondoka, tukaingia Loliondo jua halijawa kali. Daktari alikuwa ametolewa nje, kando ya uwanja wa ndege, kwenye kitanda cha kamba, mguu ndani ya plasta, ndevu zimeota. Alikuwa amekonda. Aliponiona hakusema salamu, alinyoosha mikono miwili tu, kama anayepokea mtoto. Nikampa.

Akafungua blanketi. Hakupiga kelele. Alimtazama yule Mama usoni, halafu akatazama milima, halafu akamtazama tena.

"Nani alimgusa uso?"

"Askari wa getini, Daktari."

Likatoka vizuri, kama nilivyolifanyia mazoezi. Hamisi alikuwa nyuma yangu, nikasikia amesogeza mguu.

Daktari akatikisa kichwa taratibu. Kisha, jamani, akatabasamu. "Usisikitike, Mzee Tluway. Uso hupakwa upya. Ukichakaa unapakwa, watu wanaona ni baraka kuupaka. Baba yangu alikuwa ananiita nimshikie taa. Fundi wa kupaka nyuso anakaa mlango wa pili kutoka kwetu. Atapata macho kabla ya mimi kutupa magongo."

Kumbe ndivyo. Mimi siku tatu nimekaa na kifo kifuani, na huko kwao ni jambo la mlango wa pili. Nilitaka kucheka, nilitaka kumwambia palepale. Lakini akamsogeza puani, akafumba macho, na akakaa hivyo muda mrefu. Alipofumbua yalikuwa na maji.

"Siagi," akasema. "Nyumbani, mbele yake, tunawasha taa za siagi. Nyumba nzima inanuka hivi. Nguo za mama zinanuka hivi. Baba wamemuaga bila mimi, nami nimekuwa nikijaribu kuikumbuka harufu hii, ikanipotea." Akanitazama. "Nani alimpaka siagi?"

Nilikuwa na nafasi, mnaiona. Neno moja fupi tu. Lakini nikifungua hilo ingebidi nifungue na lile la kwanza, na yeye angejua kwamba mtu aliyemwamini mwaka mzima aligusa uso alioambiwa asiguse, kisha akasimama mbele ya mgonjwa akamsingizia mwingine. Nikaona nitapoteza kila kitu kwa siku ya mwisho.

"Labda ni huyo huyo askari," nikasema.

"Anaitwa nani?"

"Aloisi."

"Aloisi," akarudia. Akatoa chini ya mto wake kitambaa cheupe cha hariri, kirefu, chepesi hata ukikishika hujui umeshika. Kwao ukimheshimu mtu unamvisha shingoni. "Nilibaki na kimoja tu," akasema. "Nilikuwa nimekuwekea wewe. Lakini wewe ni ndugu yangu, Mzee Tluway, na ndugu havishwi kama mgeni. Mpelekee Aloisi. Mwambie nitamtaja kila asubuhi kwenye sala zangu, kwa sababu alimfanyia Mama jambo ambalo mimi mwenyewe sikumwagiza mtu."

Akaniandikia anwani yake kwenye karatasi ya chanjo, akanishika kichwa, akaweka paji lake la uso kwenye langu. Kisha ndege ikasikika. Walimbeba na kitanda, yeye na Mama kifuani, blanketi langu limemzunguka. Vumbi lilipotulia uwanjani tulibaki mimi, Hamisi na ng'ombe watatu.

Hamisi alisema, "Twende tukale." Tulikula nyama ya mbuzi kwenye kibanda cha sokoni, na sikujua ladha yake.

Kurudi

Njia ya kurudi mikono yangu haikujua ikae wapi. Niliizoeza siku tano kubeba kitu, sasa mapaja ni matupu. Hamisi hakunilaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko kama angenilaumu. Piyaya tulipita bila kusimama. Niliona watu mbali, sijui kama Koko alikuwepo, nilipunga tu.

Getini tulifika mchana wa Jumatatu. Aloisi alipoliona lori alikuja upesi kuliko askari anavyotakiwa kuja.

"Mzee! Mama amefika?"

"Amefika."

"Na macho?"

"Yatapakwa mengine, kwao. Ni jambo la kawaida."

Akashusha pumzi kama ng'ombe aliyetoka joshoni. "Mimi ile leso sijaifua. Naogopa kuifua, naogopa kuitupa. Mke wangu ananiuliza ni ya mwanamke gani."

Nikampa kile kitambaa. "Daktari amekutumia."

"Mimi? Ananishtaki?"

"Anakushukuru."

"Kwa kumfuta macho?"

"Kwa siagi."

Alinitazama. Hamisi alizima injini, sijui kwa nini.

"Siagi gani, mzee? Mimi nilimkuta nayo. Ile siagi ndiyo iliyofanya yatoke."

"Najua," nikasema. "Nilimpaka mimi. Nikamwambia ni wewe."

Aloisi hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alikikunja kile kitambaa taratibu, akaninyooshea. "Basi ni chako, mzee. Chukua."

Nilikitazama. Nilikuwa nakitaka, nisiwafiche. Sijawahi kutaka kitu namna ile tangu nioe. Nikarudisha mkono wake.

"Kaa nacho. Amekwisha kuanza kukutaja. Kila asubuhi, Aloisi wa getini."

"Lakini mimi ni Mkatoliki."

"Hakuuliza."

Akakizungusha shingoni, juu ya kola ya sare, maana baridi ilikuwa inashuka. Akaenda akainua mti wa geti, tukapita.

Ndiyo hiyo safari. Anwani ya Daktari ninayo, imekaa ndani ya Biblia, lakini barua ya kumwambia ukweli bado sijaiandika. Nimeanza kuwaandikia ninyi kwa sababu ninyi mtanicheka tu. Yeye aliniita ndugu.